Je, Wajua? Siku Moja Kutoka Malakisi Hadi Kitale, na Quito Ndani ya Gorogoro

Je, wajua kwamba Malakisi na Quito, mji mkuu wa Ekwado, hugawiwa jua kwa kipimo kimoja? Quito umekaa kusini kidogo ya Ikweta, Malakisi kaskazini kidogo, na hakuna ulio umbali wa kilomita 100 kutoka kwenye mstari wenyewe. Kote kuwili mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Tofauti ni saa nane tu: saa mbili asubuhi, wauza ndizi wakipanga mafungu sokoni Malakisi, Quito ni saa sita ya usiku. Hata jina la nchi ile ni neno la Kihispania la Ikweta.

Nimeanza na Quito kwa sababu ya mpwa wangu. Alinijia na simu mkononi, picha za katikati ya mji ule mkongwe zikipita moja baada ya nyingine: makanisa, viwanja vilivyotandikwa mawe, vichochoro vyenye taa za zamani. "Khocha," akasema, "huko ndiko mtu hutembea siku nzima akiona mambo. Hapa kwetu utaona nini, stendi ya bodaboda?" Nikamwambia avae viatu.

Tumpe Quito haki yake kwanza. Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilipofunguliwa mwaka 1978 ilikuwa na maeneo 12 tu, na Quito ulikuwamo pamoja na Kraków wa Poland. Ethiopia iliingiza mawili mwaka huohuo, Lalibela na milima ya Simien. Senegali ikaingiza kisiwa cha Gorée. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulisubiri hadi mwaka 2000, Lamu hadi 2001.

Kanisa la La Compañía la mjini Quito, lile ambalo kuta zake za ndani zimefunikwa kwa majani membamba ya dhahabu, lilianza kujengwa mwaka 1605 likamalizika 1765. Miaka 160. Nawajua watu wanaomfokea fundi akichelewa wiki mbili.

Na kanisa jingine la huko, Basílica del Voto Nacional, lina vinyago vya kutemea maji ya mvua kama makanisa makubwa ya Ulaya, ila badala ya mazimwi waliwekwa wanyama wa kwao: kobe, iguana, kakakuona. Hilo nililipenda.

Haya, twende Malakisi.

Je, wajua kwamba mji huu mdogo, ambao dereva wa matatu huupita huku akipiga honi tu, ulimwaga damu ya kudai uhuru miaka minne kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa? Februari 1948 wafuasi wa Dini ya Msambwa waliandamana hadi kituo cha polisi cha Malakisi kudai wenzao waliokamatwa waachiliwe. Polisi walifyatua risasi. Watu 11 walikufa. Vitabu vyetu vya shule huanza habari za ukombozi mwaka 1952, huko katikati ya nchi, na mtoto wa Malakisi huzikariri bila kujua kilichotokea mwendo wa dakika chache kutoka darasani kwake.

Kiongozi wao, Elijah Masinde wa Kimilili, alikuwa mwanasoka kabla ya kuwa nabii. Mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Katikati ya miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimfungia Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili. Alitoka na msimamo uleule.

Na baada ya risasi za Malakisi, wajua walimpeleka wapi? Lamu. Mji wetu wa kale tunaouuza kwa watalii, wenye milango ya kuchonga na punda, kwa Masinde ulikuwa kizuizi. Alirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi ikijiandaa kupandisha bendera mpya, naye akaendelea kukosana na serikali iliyofuata pia. Alifariki mwaka 1987.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo hapo. Kisha akauliza kama tutafika Kitale kabla ya mvua.

Bado tupo Malakisi, kijana. Ukiuliza watu wa hapa walijengea nyumba za mabati pesa gani, wengi watakutajia tumbaku. Kampuni ya BAT imekuwa na kituo cha kukusanyia majani yake hapa kwa miaka mingi, na wakulima wamelima kwa mkataba, wakakausha kwa moto wa kuni usiku kucha, hadi miti ikaisha milimani. Sasa wajua tumbaku asili yake ni wapi? Safu za milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mmea huo ulitokana na mimea miwili ya mwitu iliyochanganyika huko, na neno lenyewe, tumbaku, lilipanda merikebu za Wareno na Wahispania pamoja na majani yake.

Hapo ndipo nilipoanza kumchokoza. Mji anaoutamani kwenye simu ulishatuma mizigo yake Malakisi kabla babu yake hajazaliwa.

Nyanya? Andes. Muhogo? Amerika ya Kusini. Karanga? Huko huko. Pasheni inayotambaa kwenye nyaya Trans Nzoia? Huko huko pia. Maua ya bogenvilia kwenye ua wa mwalimu mkuu? Brazili.

Nanasi halikuja na ladha tu. Jina lake limetoka katika lugha za Watupi wa Brazili, likapita kwa Wareno, likatua kwetu. Ukiita nanasi barabarani unasema neno la Kihindi Chekundu, kama walivyokuwa wakiita wazee wetu wa kamusi, na huna habari.

Lakini la kuchekesha zaidi ni kiazi ulaya. Mashamba yake yako juu huko, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na jina limeganda. Kiazi hicho si cha Ulaya hata kidogo! Watu wa Andes walikilima maelfu ya miaka kabla Mzungu yeyote hajakiona. Huko Quito hupikwa mchuzi mzito wa viazi na jibini uitwao locro, wenye vipande vya parachichi juu. Ulaya ilikuwa dalali tu, na kama madalali wengine, ikabandika jina lake kwenye mzigo.

Mahindi nayo yamedhulumiwa namna hiyo. Neno letu linaelekeza kidole Bara Hindi. Mmea ni wa Amerika.

Basi kipi ni chetu? Swali hilo lina jibu, na jibu lipo upande wa Teso, karibu na Malaba, si mbali na Malakisi. Ni Kakapel, mwamba mkubwa uliojitokeza kama paa, wenye michoro ya kale chini yake: maduara, mistari, ng'ombe, tabaka juu ya tabaka za watu wa zama tofauti. Uko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Wachimbaji wa mambo ya kale waliichimbua sakafu yake, wakakuta dalili za watu waliokaa hapo tangu miaka 9,000 iliyopita. Walipochekecha udongo kwa maji na kuokota mbegu zilizoungua motoni, mojawapo ilikuwa punje ya kunde. Umri wake: miaka 2,300. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2024, na ndio uliotoa ushahidi wa zamani kuliko wote wa mmea wa kupandwa na binadamu katika Afrika Mashariki.

Kunde! Mboga ambayo mwanafunzi wa bweni huisukuma pembeni ya sahani. Wimbi nao ulikutwa hapo, wa miaka 1,000 hivi, kwa hiyo wazee wanaosema busaa ni ya tangu jadi wana pa kusimamia. Nilimweleza mpwa wangu kwamba kanisa la dhahabu la Quito halijafikisha miaka 450, na yeye ana kiporo cha miaka 2,300 kwenye friji. Alisema kunde ni kunde.

Kuhusu bodaboda alizozidharau: neno hilo lilizaliwa jirani, mpakani Busia, kwa vijana waliobeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, "border" moja hadi nyingine, kabla pikipiki hazijaja. Leo linatumika Kampala, Dodoma na Juba. Ni bidhaa ya magharibi ya Kenya iliyosafiri bila kulipa ushuru.

Ukifika Malakisi mwezi wa Agosti, mwaka unaogawanyika kwa mbili, utasikia kengele barabarani. Ni chinyimba, kengele za chuma wanazopiga vijana wa Kibukusu wakienda kualika jamaa kwenye tohara. Mwaka wa witiri ni kimya. Quito wana kengele za makanisa kila siku. Hizi zetu zinasubiriwa.

Tuko Bungoma sasa, na wengi husema jina hili limetokana na Bong'omek, ukoo wa jamii ya Wasabaot. Hapa reli ya kwenda Uganda inapita. Reli hiyo ikipanda Timboroa, juu ya Eldoret, hufika zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, na kwa miaka mingi ilijisifu kuwa ndiyo ya juu kuliko zote katika Jumuiya ya Madola. Quito, mji mzima na wakazi wake, masoko yake na treni yake mpya ya chini ya ardhi iliyofunguliwa Desemba 2023, umekaa mita 2,850. Yaani mahali ambapo treni yetu ilihema, kule watu wanacheza mpira.

Webuye. Zamani ramani iliandika Broderick Falls, jina la mgeni juu ya maporomoko ambayo wenyeji waliyaita Nabuyole. Kwenye kilima cha juu kuna mahandaki ya ngome ya Chetambe. Mwaka 1895 Wabukusu na Watachoni walijificha humo, wakiwa na mikuki na ngao, na kikosi cha Waingereza chini ya Charles Hobley kikaja na bunduki ya risasi mfululizo aina ya Maxim. Hatuhitaji kuhadithia kilichofuata. Ila wajua kwamba miaka 52 baadaye, 1947, Masinde aliwaongoza maelfu ya watu wakapanda kilima hicho kuwaomboleza waliokufa? Malakisi ilifuata miezi michache baadaye. Matukio hayo mawili ni uzi mmoja, na leo mbuzi wanalisha juu yake.

La mito ni langu, nalipenda kupita yote. Maji ya Mto Malakisi hushuka kutoka Elgon, huungana na Mto Malaba, huingia Uganda na kuishia Ziwa Kyoga. Maji ya Nzoia yanayonguruma hapa Webuye huenda Ziwa Viktoria, hutoka Jinja kama Nile, na kisha hufika Kyoga vilevile. Ukitupa majani mawili, moja darajani Malakisi na jingine Nabuyole, yaliyoachana Bungoma yana ahadi ya kukutana Uganda. Hupaswi kuyasubiri.

Kitale, hatimaye, mvua ikitishia.

Mwaka 1926 mji huu ulipata vitu viwili: reli, na makumbusho binafsi ya Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya vipepeo, wadudu, wanyama waliokaushwa na vitabu. Reli ilikuja kuchukua mahindi ya walowezi. Stoneham alipofariki mwaka 1966 aliiachia nchi mkusanyiko wake pamoja na fedha za jengo jipya, na mwaka 1974 likafunguliwa, makumbusho ya kwanza ya kitaifa yaliyoendelezwa nje ya Nairobi na pwani. Nyuma yake kuna njia ya miguu inayopita kwenye kipande cha msitu wa asili kando ya mto, na nyumba za jamii mbalimbali zilizojengwa kwa udongo na nyasi. Wanafunzi hukimbilia nyoka wanaofugwa hapo. Mimi ningekwambia ukae msituni.

Karibu na Klabu ya Kitale, wenyeji husimulia, kuna duara la mawe walipofungwa watumwa misafara ilipopumzika. Kila mtu wa Kitale ana namna yake ya kusimulia hadithi hiyo.

Je, wajua hoteli za Kitale ziliwahi kulaza kesi iliyotikisa milki ya Waingereza? Kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano, kati ya mwishoni mwa 1952 na Aprili 1953, ilisikilizwa Kapenguria, mahali palipochaguliwa kwa sababu hapakuwa na kitu. Hapakuwa hata na pa kulala. Mawakili wa utetezi, wakiongozwa na D. N. Pritt kutoka London, walilala Kitale na kusafiri kila siku kwenda na kurudi kwa barabara ya vumbi.

Ukishika barabara hiyohiyo leo utapita Saiwa, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, eneo la kilomita tatu hivi za mraba. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa kwenye matope mwenye kwato ndefu zilizopanuka asizame. Akiogopa hujizamisha majini akaacha pua tu. Na upande wa Elgon, kwenye pango la Kitum, tembo huingia gizani usiku na kukwangua ukuta kwa pembe ili kula chumvi. Kwa hayo mawili tu ningelipa nauli.

Sasa la gorogoro, ambalo nilikuwa nimelificha tangu asubuhi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtafiti Michael Harrison, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Kitale, alitaka mahindi yanayozaa vizuri kwenye nyanda za juu. Yale ya walowezi yalikuwa yamechanganywa na kuchaguliwa hadi yakafika ukomo. Akaenda kutafuta damu mpya Amerika ya Kati na ya Kusini, ambako wakulima wenyeji wa huko walikuwa wamelima mahindi milimani tangu zama. Miongoni mwa mbegu zilizoletwa ilikuwamo moja isiyo na jina la kuvutia: Ecuador 573. Ilitoka nchi ileile ambayo Quito ni mji wake mkuu. Ikapandwa Kitale ikachavushwa na mahindi ya hapa yaliyoitwa Kitale Synthetic II. Mwaka 1964 mtoto wao akatolewa kwa wakulima: H611. Alizidi mzazi wake wa Kitale kwa mavuno ya takriban asilimia 40.

Wakulima hawakusubiri kubembelezwa. Wachumi waliochunguza baadaye walikuta kwamba magharibi mwa Kenya mbegu hiyo ilienea kwa kasi iliyolingana na ile ya mahindi chotara kwa wakulima wa Marekani miaka ya 1930 na 1940, hata kuizidi mahali pengine. Mwenye ekari moja alinunua kama mwenye mia. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956 ikiuza mbegu za nyasi za malisho, ikageuka jina la nyumbani kwa sababu ya mahindi. Chotara za nyanda za juu zilizofuata, zile zinazoanza na tarakimu 6, H614 ikiwemo, zina damu hiyohiyo ya Ekwado. Kila mkulima anayebishana na jirani kama 614 ni tamu kuliko mpya zilizotoka juzi anabishana juu ya mjukuu wa Andes.

Kwa hiyo ule mkebe wa kilo mbili, gorogoro, mama anaoujaza unga wa kusongea busuma, yaani ugali, una Quito ndani yake. Mpwa wangu alinitazama kama niliyemuuzia kiwanja hewa. Alitafuta kwenye simu. Akakuta.

Kwa haki, wao pia walipewa. Mtawa wa Kifransisko aliyeitwa Jodoco Ricke ndiye anayetajwa kupanda ngano ya kwanza Quito, kwenye uwanja wa kanisa la San Francisco, karne ya 16. Sisi tulipata mahindi yao, wao wakapata mkate.

Kwinini nayo ni ya kwao: gome la mti wa kusini mwa Ekwado, mwitu wa Loja. Bungoma, kwa mbu wetu hawa, tuna deni.

Tahadhari moja kwa msafiri wa kote kuwili. Pale Maseno, kwenye kibao cha Ikweta, na pale Ekwado vilevile, utakutana na mtu mwenye beseni lenye tundu atakayekuonyesha maji yakizunguka kushoto upande huu wa mstari na kulia upande ule. Mlipe kwa usanii wake. Dunia haina nguvu ya kuzungusha maji ya beseni hatua tatu kutoka Ikweta; mkono wake ndio wenye nguvu hiyo. Na mnara mkubwa wa Ikweta karibu na Quito, watalii wanakopigia picha wakiwa mguu mmoja kaskazini mmoja kusini, umekosea mstari kwa mita 240 hivi.

Saa kumi na moja jioni tulisimama stendi ya matatu Kitale, mvua imeshapita. Mama mmoja alikuwa na jiko la makaa na mahindi ya kuchoma. Quito ilikuwa saa tatu asubuhi, na huko mahindi, ya punje kubwa kuliko haya, huliwa na jibini. Mpwa wangu alichukua mawili, yakapakwa pilipili na ndimu.

"Pilipili pia ni ya kwao?" akauliza.

Ya Amerika, nikamwambia. Ndimu ndiyo imetoka Asia.